Kungoja Usaha

11 Februari

Gundi mdogo wangu,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana najua ukisimama hutulii. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo tangu nistaafu yamegundua kwamba nayo yana haki ya kulalamika. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo safi. Chumba cha nyuma nimempangisha binti mmoja muuguzi, yuko wodi ya saratani hospitali kubwa. Analala mchana, anakula amesimama, na anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nimempenda.

Sasa tuje kwenye lenye uzito. Wiki tatu umejua kuwa una saratani ya tezi za limfu, na mimi nimejua juzi, kwa simu ya wifi yangu. Miaka thelathini na moja nimekaa chumba cha vidonda, nimefungua bandeji za watu ambao hata majina yao sikuyajua, halafu wewe niliyekubeba mgongoni mpaka majirani wakakuita Gundi, habari zako naletewa na mtu mwingine. Nimeumia. Nikishasema hivyo nimemaliza, sitarudia.

Wifi aliniuliza kama nitakuja. Nikamwambia saa kumi na nne kwenye basi si za magoti haya. Nitakuwa nawe kwa barua, kama ulipokuwa shule ya bweni. Simu sisi wawili hatuiwezi. Tukipigiana tunaulizana kama mvua imenyesha, halafu tunakata. Kwa hiyo jambo lolote la mwili wako, liwe dogo namna gani, uniandikie mimi kwanza. Wifi ni mtu mwema, lakini yeye ni fundi cherehani. Akiona tone la damu kwenye sindano anatafuta kiti.

Na usijione mgonjwa hata ukasahau kazi yako. Viatu vyangu vyeusi vimetoboka soli zote mbili. Nani mwingine anaujua ule mfupa wangu uliochomoza pembeni ya kidole gumba? Nishonee vingine. Sina haraka.

Dada


2 Machi

Dada Sista,

Shikamoo. Sisi hatujambo kwa kadiri yetu. Binti yangu amekuwa wa tatu darasani na sasa hatusemeshi ovyo. Wifi yako anakusalimu.

Unisamehe kwa kuchelewa kukuambia. Nilitaka kwanza neno lenyewe nilizoee mdomoni, kama kiatu kipya, halafu ndipo nitembee nalo mbele yako.

Nimepata drip ya pili ya dawa za saratani. Tunakaa kwenye viti vya kuegemea, tumepangwa mstari mmoja karibu na madirisha, kila mtu na mfuko wake unaning'inia juu. Jirani yangu wa kulia ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anahesabu matone kwa sauti. Nywele zimekwisha. Kichwa changu sasa kinang'aa kuliko kiatu chochote nilichowahi kupiga rangi, na binti ananiambia nikae mbali na dirisha, nitapofua wapita njia.

Wametupa karatasi ya masharti. Nisile kitu kibichi, nisikae na watu wenye mafua, nisiweke maua kwenye chombo cha maji. Kuna mengine, nimeyasahau. Karakana nimefunga mlango mmoja, mwingine nimeuacha wazi ili watu wajue sijafa. Wifi yako amehamishia cherehani yake humo. Anasema kuna mwanga mzuri. Najua ananilinda, nami najifanya sijui.

Kalibu zako za mbao, zile zenye umbo la miguu yako, bado ninazo, zimening'inia msumarini juu ya meza. Nimebandika kipande cha ngozi pale penye mfupa wako. Viatu nimevisikia.

Gundi wako


19 Aprili

Gundi,

Marahaba. Barua zako zote mbili za mwezi uliopita nimezipata, na picha ya kichwa. Nimemwonyesha mpangaji akacheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza kumwona amekaa.

Nimefurahi kusikia tezi za shingoni zimesinyaa. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naiombea. Drip ya nne ikipita mtakuwa mmevuka nusu, na wewe huwa hukwami njiani ukishavuka nusu ya jambo, isipokuwa shule.

Lakini barua yako ya mwisho haikunipendeza. Unasema siku zinakuwa ndefu, unasema unakaa tu unamtazama mwenzako anashona sare za shule. Mikono ya fundi ikikaa bure, akili nayo inaanza kuvunda. Kazi ni dawa. Ushike shazia, ile sindano yako nene, hata nusu saa kwa siku, uchome ngozi, usikie harufu ya gundi. Nakwambia kama muuguzi, si kama dada.

Na kama dada: viatu vyangu vimefia wapi? Nimetia kadibodi ndani ya vile vya zamani, juzi mvua ikanyesha, kadibodi ikageuka uji. Natembea kama bata mbele ya watu wanaonijua. Natania, lakini nusu tu.

Dada


3 Mei

Dada Sista,

Shikamoo. Natumai magoti yamekupa nafasi. Huku mvua imekatika, na ua wetu wa nyuma umekauka vizuri. Drip ya nne nilipata wiki juzi, na safari hii imenilaza kweli. Nikipanda ngazi tatu za mlango napumzika kwenye ya pili.

Nina jambo dogo la kukuuliza. Siku mbili zilizopita nilichomwa na mwiba nilipokuwa natengeneza ua. Ni kidole cha shahada, mkono wa kushoto, karibu na shina la gumba. Tundu lenyewe hulioni bila miwani, na damu ilitoka tone moja. Lakini pamekuwa pekundu, pana joto, ngozi imekaza, na panauma kuliko ukubwa wake. Usaha hakuna hata chembe. Jana nilikuwa na homa kidogo, nikanywa vidonge viwili vya maumivu ikashuka.

Wifi yako amesimama hapa mlangoni na mkoba wangu wa hospitali. Anasema kwenye ile karatasi imeandikwa kwamba homa au kidonda chochote, uje siku hiyo hiyo. Mimi sitaki. Nikienda watanilaza, na wataniuliza maswali mia. Nimemwambia katika ukoo huu tuna Sista mzima wa vidonda, kwa nini tukimbilie kwa wageni. Nangoja neno lako. Amesema sawa, lakini mkoba hajauweka chini.

Gundi


6 Mei

Gundi,

Marahaba. Barua yako imefika asubuhi hii na ninakujibu kabla chai haijapoa.

Usihangaike. Kanuni yangu unaijua, niliwafundisha wasichana wote waliopita chumba kile: kidonda kikiwa na neno kitasema, na lugha yake ni usaha. Hakuna usaha, hakuna neno. Osha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi mara tatu kwa siku, mkono ulale juu ya mto, ufunge kitambaa kilichopigwa pasi. Homa inayoshuka kwa vidonge viwili ni uchovu wa drip. Ukiona usaha, hapo nenda wakautoe, nawe utapona. Usiende kukaa kwenye mabenchi na watu wanaokohoa kwa ajili ya mwiba.

Na wifi yangu aweke mkoba chini. Mwambie kwa upendo: cherehani ni yake, vidonda ni vyangu.

Dada


8 Mei

Gundi,

Sina salamu. Ukisoma hapa simama, uende hospitali, usimalize barua.

Mpangaji wangu amenieleza sasa hivi. Dawa hizo zinaua chembe nyeupe za damu, na siku kama kumi baada ya drip zinakuwa karibu zimekwisha zote. Usaha ni chembe hizo zilizokufa zikipigana. Mtu asiye nazo hatoi usaha. Kidole kinaweza kuoza kikiwa kikavu. Na vidonge vya maumivu vinaficha homa, usinywe tena.

Yule mwenye mkoba yuko sahihi. Mimi nilikosea.

Dada


2 Juni

Dada Sista,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka wodini, kitanda cha dirishani. Mkono wa kulia ni mzima, ndiyo maana mwandiko unausoma bila taabu. Binti yuko kwa jirani, anakuja Jumamosi na madaftari yake.

Najua wifi yako alikupigia jioni ya tarehe kumi na tatu akakuambia nimelazwa, lakini simu ile ilikuwa fupi, kwa hiyo nakueleza mwenyewe.

Barua yako ya tarehe sita niliipata tarehe kumi. Nilifanya kama ulivyosema, chumvi, mto na kitambaa. Nilikuwa natazama kila saa kama usaha umetoka. Wekundu ukapanda mpaka kwenye kiwiko cha mkono, nami nikaendelea kungoja usaha. Tarehe kumi na mbili pakatokea doa jeusi, dogo kama tundu la kamba ya kiatu. Kesho yake wakati wa chakula cha mchana nilianza kutetemeka, kijiko kikawa kinagonga sahani. Wifi yako hakuuliza mtu. Alimwita jirani mwenye gari, akanivika koti, akachukua mkoba. Haukuwa umewekwa chini.

Daktari alisema ni bakteria wa kawaida, anakaa kwenye vitu vichafu na kwenye ngozi za watu wenye afya wasidhurike. Kwangu alipata mlango wazi na nyumba haina mlinzi. Wamenipasua mara mbili. Mara ya kwanza walitoa nyama iliyokufa. Mara ya pili wakachukua kidole cha shahada na gumba. Ule usemi wa kidole kimoja hakivunji chawa, sasa naufundisha kwa vitendo.

Drip ya tano imesimamishwa mpaka kidonda kifunge. Wiki ya tatu sasa. Tezi moja ya shingoni imerudi, kama punje ya mahindi. Naigusa kila asubuhi kabla sijafungua macho.

Daktari aliniuliza kwa nini nilikaa siku kumi na mbili nyumbani. Nikasema sikuona kama ni kitu. Akauliza kama kuna mtu aliyenishauri. Nikasema hapana. Wifi yako alikuwa amesimama pale, akageukia dirishani.

Barua yako ya tarehe nane aliniletea hapa wodini tarehe kumi na saba. Nimeisoma. Asante.

Gundi


15 Juni

Gundi mdogo wangu,

Marahaba. Pole. Nimeliandika neno hilo mara nne kwenye karatasi nyingine na kila mara naliona dogo. Pole.

Huku hatujambo. Watoto wa paka wamegawanywa wote. Mpangaji anauliza habari zako kila akirudi kazini, nami namwambia unaendelea. Hospitali yangu ya zamani wameniita nikazungumze na wauguzi wapya juu ya vidonda. Nimewaambia magoti hayaniruhusu. Si magoti.

Posta ya siku hizi ni ya ajabu, barua ya siku tatu inatembea siku tisa. Wangekuwa wanafanya kazi yao ingekufikia mapema. Nimewalaumu sana.

Simu ya wifi imelia mara mbili, kila mara nilikuwa nje.

Kuna kitu kinanisumbua, nawe unijibu. Ua wenu wa nyuma ni wa mabati. Nilikuwepo mlipougongomea, nilishika ngazi. Mwiba ulitoka wapi?

Dada


7 Julai

Dada Sista,

Shikamoo. Nimerudi nyumbani tangu wiki iliyopita. Kidonda kimefunga, wamenipa tarehe ya drip, nne Agosti. Punje imekuwa kama haragwe. Daktari anasema tutaona, na sijui ni kwa nini madaktari wote wanapenda neno hilo.

Barua hii inafuatana na kifurushi. Ukifungue kwanza, halafu urudi usome.

Umeshakifungua. Basi ukivishika viatu hivyo, mwiba unao mkononi. Ilikuwa ni shazia, Dada. Nilikuwa nashona kiatu chako cha kushoto. Cha kulia nilikuwa nimekimaliza, tena vizuri, na nilikuwa na furaha siku ile kuliko siku yoyote tangu Januari. Soli niliitoa kwenye buti kuukuu la mteja aliyekuwa anachimba mitaro, maana ni mpira mgumu, nikajua utatembea nayo mpaka uzeeke tena. Shazia ikapita kwenye soli, ikaingia kidoleni. Kwenye ile karatasi, sharti la tatu lilikuwa kutoshika kitu chochote chenye ncha. Sikulisahau, nililificha.

Nilijua nikikwambia shazia utauliza nilikuwa nashona nini, na ungejibebesha. Nikakupa mwiba. Lakini mwiba wa ua na shazia iliyotoka kwenye buti la mitaroni si kitu kimoja, hata mimi nisiye muuguzi najua. Ningekwambia kweli labda ungeniambia kimbia. Kwa hiyo wewe ulijibu barua ya mtu mwingine, mtu aliyechomwa na mwiba. Hilo kosa ni langu na ninaomba uniachie nilibebe.

Kuna na la pili. Nilitaka kulinyamazia, lakini umeniandikia habari za posta. Barua yako juu imeandikwa tarehe nane. Muhuri kwenye bahasha ni wa tarehe kumi na nne, siku moja baada ya wifi yako kukupigia kuwa nimelazwa. Niliikata ile pembe yenye muhuri kwa meno, nikaitupa kwenye ndoo ya bandeji chafu, asije akaiona. Sikuulizi. Nakwambia tu kwamba najua, ili usiendelee kuwalaumu watu wa posta, nao wana dada zao.

Tumedanganyana kwa kupendana, na kidonda kikapata nafasi hapo katikati.

Kiatu cha kushoto amekimalizia wifi yako. Mimi nilikaa pembeni nikimwelekeza. Alitia glavu nzito, alijichoma mara mbili hata hivyo, na hakutafuta kiti. Mshono wake umepinda kidogo karibu na kisigino. Uvivae.

Gundi wako


20 Julai

Gundi,

Marahaba. Kifurushi kilifika jana asubuhi. Nilikifungua kwa furaha, nikaviweka mezani, nikaona vinavyong'aa, nikasema leo majirani watanikoma. Halafu nikasoma barua. Nimekaa navyo mezani mpaka mpangaji akarudi kazini akaniuliza kama nimepata msiba.

Nilimwambia yote, na sasa nakwambia wewe.

Tarehe nane asubuhi mpangaji alikuwa ametoka zamu. Nilimsimulia kwa majivuno nilivyokujibu, jinsi nilivyomkata maneno wifi. Akaweka kikombe chini. Hakuninyanyulia sauti, alinieleza kama mtu anayemweleza mama yake. Nikaandika barua hapo hapo, na nikatoka nayo mpaka posta. Dirishani palikuwa na watu watatu. Watatu tu. Nikajiambia, ngoja kidogo, labda kesho itakuja barua ya Gundi ya kusema kimepona, na hapo sitakuwa na haja ya kumpelekea mtu neno "nilikosea". Nikarudi nayo kwenye mkoba. Kesho yake nikasema vile vile. Nilikuwa na simu mfukoni siku hizo zote. Namba ya wifi iko juu kabisa, ni kubonyeza mara moja. Lakini angepokea yeye, na ningelazimika kumwambia: ulikuwa sahihi, usiweke mkoba chini. Sikutaka kumwambia maneno hayo fundi cherehani. Miaka thelathini na moja ya kanga za watu na damu zao, halafu fundi cherehani aliyesoma karatasi moja anishinde. Basi nikanyamaza. Barua ya tarehe sita ilikuwa bado iko njiani, Gundi. Ningepiga siku ile, hata usingeisoma.

Unafikiri umemaliza kusikia. Bado. Tarehe kumi na tatu alipopiga kusema umelazwa, sikumwambia kitu. Nililia, nikakata. Asubuhi yake ndipo nikaenda posta. Barua ilikuwa haina kazi tena na nilijua. Niliipeleka ili iwepo, ili siku moja mtu akiuliza ionekane Dada alionya. Tarehe ya juu sikuibadilisha. Ilikuwa ya kweli, na niliitumia kusema uongo.

Kwa hiyo hilo la shazia sikuachii ulibebe. Ni mimi niliyeandika kazi ni dawa, nakwambia kama muuguzi. Nimeitafuta nakala ya maneno yale kichwani nikayakuta yote. Nilikusukuma, nikakutania kwa kadibodi, na ulipoumia nikakuambia ungoje. Wewe ulidanganya ili nisiumie. Mimi nilinyamaza ili nisiaibike. Vitu hivyo viwili havikai kwenye mizani moja, usijaribu kuvisawazisha kwa huruma yako.

Leo mchana nimempigia wifi. Nilivaa viatu kwanza, sijui kwa nini. Cherehani ilikuwa inanguruma nyuma yake.

Nikasema, "Wifi, tarehe nane nilikuwa najua."

Cherehani ikasimama. Akasema, "Najua. Bahasha niliipeleka mimi wodini. Muhuri niliusoma nikiwa njiani."

"Na hukumwambia?"

"Niliona anaukata kwa meno ili mimi nisiuone. Ningemwambia nini? Nikatazama dirishani. Mwaka huu nimelijua vizuri lile dirisha."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, yakatoka matatu. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Nilisikia anakata uzi. Halafu akauliza, "Kile kiatu cha kushoto kinakubana?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema kimenikaa kama nimezaliwa nacho. Nikaufunga. Nikasema, "Kinabana. Hapo nyuma, kwenye kisigino. Kimeanza kunichubua."

"Nilijua," akasema. "Kivue, usikivae. Kilete mwenyewe nikirekebishe."

Akakata simu.

Basi linatoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi ninayo, na magoti nimeyaarifu. Kisigino kimechubuka kidogo, nimekiosha, na nimemwonyesha mpangaji, maana kanuni zangu nimezistaafisha. Agosti nne tutakwenda wote kwenye drip, na yule daktari atauliza tena swali lake, na safari hii nitajibu mimi. Wifi hatakuwa na haja ya kutazama nje.

Huenda nitafika kabla ya barua hii. Ikifika uifungue mbele yangu. Juu nimeandika tarehe ishirini, na sasa hivi naipeleka posta, na foleni iwe ya watu mia. Uangalie muhuri.

Dada